Daku la Kashata

Kwaru, kwaru, kwaru. Kijiko kilikuwa kikikwangua ukoko chini ya sufuria, huko uani, kabla ya adhana ya alfajiri. Nilikuwa macho kitandani nikisikiliza. Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 1996, na katika nyumba ya Bi Hanin saa hizo watu huwa wanakula daku, kwa hiyo sauti ya kijiko haikunishughulisha. Nilijisemea tu kwamba huyo anayekwangua ana bahati, maana ukoko wa wali wa nazi ni mtamu kuliko wali wenyewe. Kisha nikarudi kwenye wasiwasi wangu. Asubuhi hiyo nilikuwa nimpeleke mbwa wangu, Kashata, kwa daktari akafungwe kizazi, na moyo wangu ulikuwa bado haujakubali.

Mimi ni Mgiriama wa Kaloleni. Marehemu mume wangu, Ngowa, alikuwa kuli bandarini, na alipofariki nilibaki katika chumba chetu cha kupanga hapa Bondeni, chumba cha mwisho kabisa, kinachopakana na ua. Nilikuwa nikifagia shule moja huko Mji wa Kale mpaka magoti yalipokataa. Mwanangu ni mmoja, Gunga, naye yuko Voi na familia yake. Mwenye nyumba ni Bi Hanin, Mwarabu wa papa hapa, ambaye hata babu wa babu yake amezikwa Mombasa. Siku niliyofiwa na Ngowa aliingia chumbani kwangu na birika la chai ya tangawizi, akaketi sakafuni pamoja nami. Hakusema kitu mpaka chai ikaisha. Watu wengi walisema maneno mazuri siku ile na yote nimeyasahau, lakini chai ile sijaisahau.

Kashata nilimpata Mwembe Tayari. Nilikwenda kumsindikiza Gunga kwenye basi, nikakuta katoni chini ya benchi, na ndani yake kitoto cha mbwa, cha rangi ya sukari iliyoungua, chenye madoa meupe kama chembe za nazi. Nilipofika nacho nyumbani Bi Hanin alisimama mlangoni pa ua, mikono kiunoni.

"Mama Gunga, huyo ni nani?"

"Ni mgeni, Bi Hanin."

"Mgeni ana mkia?"

Alimtazama, akanitazama mimi. Kisha akakumbuka kuwa mwezi ule nguo zetu ziliibwa kambani mara mbili, na kwamba mbwa wa kulinda si sawa na mbwa wa kuchezea. Akasema basi na akae, lakini akae uani, awe na kibakuli chake mwenyewe, na asivuke kizingiti kuingia ukumbini wanakosali. Kashata alikijua kizingiti kile kabla ya wiki kwisha. Alikuwa akiweka miguu mpaka hapo, kisha anakaa.

Shida ilianza alipokua. Uzao wake wa kwanza alizaa watano. Niliwagawa kwa watu walioahidi mema, na kwa siku nyingi Kashata alizunguka ua akinusa kila pembe, maziwa yanamdondoka. Baadaye nilisikia kwamba watatu walikufa barabarani. Wa nne nilimwona mwenyewe pale Feri, amefungwa kamba iliyokwisha kumla shingo, wala hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Niliilegeza ile kamba nikavuka kwenda Likoni nilikokuwa nikienda, na niliporudi hakuwapo. Wa tano sijapata habari zake hata leo.

Halafu, Novemba iliyofuata, siku zake za kutaka dume zikarudi. Madume tisa yalilala kwenye kichochoro chetu, yanabweka, yanapigana. Alfajiri moja Mzee Badawi, mwadhini wa msikiti wa jirani, alikuwa akipita kwenda kuadhini. Dume moja lililolowa maji ya mtaro likamgusa kanzu. Kwao maji ya mbwa ni najisi, na nguo iliyoguswa huoshwa mara saba, mara moja kwa mchanga. Mzee alirudi nyumbani kuosha, na siku hiyo adhana ikatolewa na mtu mwengine, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa.

Jioni alinijia. Nilidhani atanigombeza.

"Masalkheri, Mama Gunga."

"Masalkheri, Mzee wangu. Nisamehe, nimesikia."

"Mimi na mbwa wako hatuna neno," akasema. "Neno langu ni wale wachumba wake. Wamekuja tisa, na hata mmoja hajaja na mahari."

Alicheka, nami nikacheka kwa aibu. Lakini Bi Hanin hakucheka. Alinifungulia stoo yake ya makaa nimfungie Kashata humo mpaka siku zile zipite, akanipa na kufuli. Kisha akaniambia taratibu, "Mama Gunga, ikiwa hivi tena, itanibidi nikwambie umtafutie kwengine. Nami sitaki kukwambia. Basi nisaidie nisikwambie."

Ziad, mtoto wake, ndiye aliyenieleza habari za kufunga kizazi. Yeye anafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini na amejuana na watu wengi. Alisema yuko daktari wa wanyama Ganjoni, mwanamke kutoka bara, mwenye mkono mwepesi. Akasema gharama nimwachie yeye, kwani Kashata ndiye anayelinda pikipiki yake. Mzee Badawi aliposikia alikunja uso. "Kiumbe ameumbwa na kizazi chake," akasema. "Sisi ni nani tumpunguzie?" Siku mbili baadaye akarudi, akasema amekwenda kumuuliza mtu aliyemzidi elimu, na ameambiwa kwamba ikiwa ni kuondoa madhara, na mnyama hateswi, basi hakuna ubaya. Sikumwomba aende akaulize. Alikwenda mwenyewe, kwa miguu yake ya miaka sabini.

Basi kila mtu alikubali isipokuwa mimi.

Niliolewa nikakaa miaka saba bila mtoto. Dada za Ngowa waliniita tasa. Hawakunong'ona. Walisema kisimani, walisema arusini, na mmoja alikuwa akiniondolea mtoto wake mapajani akisema nisije nikamwambukiza. Gunga alipozaliwa nilikuwa nimekwisha kuzoea jina hilo kama mtu anavyozoea kovu. Sasa nilikuwa naambiwa nimchukue Kashata, ambaye Mungu alimpa kizazi bila kuomba, nikamtie utasa kwa hiari yangu. Nilimtazama alivyolala kwenye gunia lake, nikaona kama nami nimekuwa mmoja wa zile wifi zangu.

Lakini sikuweza kumpoteza. Ni yeye aliyekuwa akinipokea mlangoni tangu Ngowa aondoke. Kwa hiyo nikasema ndiyo, kwa mdomo.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe Ziad aliniita pembeni akaniambia daktari ameagiza mbwa asile chochote mpaka apasuliwe. Nilichukua kibakuli cha Kashata nikakifudikiza. Bi Hanin sikumwambia. Watu walikuwa wamekaa mbele ya tende wakingoja adhana wafuturu, nami nikaona haya kuingia na habari za tumbo la mbwa. Hapo ndipo nilipokosea.

Kulipopambazuka nilimfunga Kashata kamba nikatoka naye mlango wa uani. Mzee Badawi alikuwa amesimama kichochoroni na bakora yake, ametoka msikitini.

"Twende," akasema. "Nitatangulia."

"Wendapi, Mzee? Nawe umefunga, na jua linakuja."

"Mbwa wa mjini humjui wewe. Utafika Ganjoni na posa nyingine tisa."

Akatangulia kama hatua kumi, mimi na Kashata nyuma yake. Tulishika barabara ya Digo maduka yakiwa bado yamefungwa. Kila alipoona mbwa aligonga bakora chini na kusema, "Pita zako, bwana, huyu ana ahadi." Alikuwa akitazama nyuma kila mara kuona kama nachoka, na akiona nachoka yeye ndiye aliyesimama, akajifanya kurekebisha kiatu. Alirekebisha kiatu mara nne mpaka Ganjoni. Tulipofika alibaki upande wa pili wa barabara, chini ya kivuli cha duka, akatoa tasbihi yake.

Daktari anaitwa Nasipwondi. Ni kijana, mrefu, na ana sauti ya chini. Alipiga magoti mbele ya Kashata kabla ya kunisalimia mimi, kisha akaomba radhi akaniamkia kwa mikono miwili. Akaniambia kwao Bungoma nyanya huitwa kukhu, na kama sitachukizwa ataniita hivyo.

"Kukhu, amekula chochote?"

"Hajala tangu jana jioni. Kibakuli nilikifudikiza mwenyewe."

"Vizuri sana."

Akamweka mezani, akamnyoa kidogo mguu wa mbele, akanionyesha pa kumshika. Kashata alinilamba mkono. Daktari alikuwa ameinua sindano anaitazama kwenye mwanga wakati mlango uliposukumwa, Bi Hanin akaingia, mkono mmoja umekusanya buibui lisiguse sakafu, wa pili ameuinua juu kama anayesimamisha gari.

"Umemchoma? Umemchoma?"

"Bado, mama," daktari akasema. "Kuna nini?"

"Usimchome! Amekula huyo!"

"Hajala, Bi Hanin," nikasema. "Nilikifudikiza kibakuli."

"Nami nikakifudua! Nimeamka kutayarisha daku, nikamwona amekaa mbele ya kibakuli kimegeuzwa, yuwanitazama. Nikasema, masikini, leo yuwaenda kukatwa, na mamake kwa majonzi amesahau kumlisha. Nikamkwangulia ukoko, nikamtilia na mchuzi wa papa juu."

Nikakumbuka kijiko. Nilikuwa nimelala pale nikikisikiliza.

"Ukoko kiasi gani?" daktari akauliza.

"Sufuria ni ile kubwa," Bi Hanin akasema, sauti imemshuka. "Alipomaliza aliomba tena. Nikampa."

Daktari aliweka sindano chini akacheka mpaka akashika meza. Mlangoni akatokea Mzee Badawi, ambaye alikuwa ameona teksi ikisimama kwa kishindo.

"Bi Hanin," akasema, "yaani umemvunjia mbwa saumu yake?"

"Nyamaza, Badawi! Nilikuwa namwambia Ziad, hata mbwa wa nyumba yangu amekula daku. Nilikuwa najisifu. Mwanangu akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Sijui hata kama nimefunga mlango wa mbele."

Daktari alipoacha kucheka alitueleza. Mnyama akilazwa usingizi wa dawa na tumbo limejaa, chakula hupanda, kikaingia njia ya pumzi, na anaweza kufa pale pale mezani huku daktari akitazama. Alisema bila kumlaumu mtu. Akasema Kashata alale pale zahanati, amfungishe saumu yeye mwenyewe, apasuliwe kesho yake asubuhi. Kisha akanigeukia mimi peke yangu.

"Na ukibadili nia, kukhu, hakuna ubaya. Una siku nzima."

Sijui alijuaje. Labda aliona namna nilivyomshika Kashata.

Tulitoka nje, mimi na Bi Hanin, tukakaa kwenye benchi ukutani. Nilisema, "Nitamchukua nirudi naye nyumbani. Hii ni ishara. Karibu afe, na angekufa kwa mkono wangu." Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimeanza, nikamwambia na habari za miaka yangu saba na jina walilonipa. Katika miaka ishirini na miwili ya kukaa nyumba moja sikuwa nimemwambia.

Bi Hanin alisikiliza akitazama barabara.

"Mona alipozaliwa," akasema, "damu ilikataa kusimama. Pale hospitali wakanitoa kizazi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita."

Nilimtazama. Watu wote wa Bondeni wanajua Bi Hanin ana watoto wawili, Ziad na Mona, na kila mtu alidhani ndivyo alivyopenda.

"Aliyejua ni mume wangu na mamangu, na wote wako mbele ya haki. Watu wakiniuliza mbona wawili tu, nikisema Mungu ndiye ajuaye. Nilikuwa nalia kwa siri, sikufichi. Hata nikimwona paka ana mimba nalia. Lakini sikiliza, Mama Gunga. Wangeniachia kizazi changu siku ile, Ziad angelelewa na mama wa kambo, na Mona asingenyonya hata siku moja. Sasa niambie, waniona mimi nimepungua wapi?"

"Hujapungua popote," nikasema.

"Basi. Na mimi ni binadamu, nina watu wa kunisema. Huyo wako nani atakayemsema? Wifi zake wako wapi?"

Nilicheka na machozi yakanitoka pamoja. Na ni kweli. Miaka ile saba kilichoniumiza hakikuwa tumbo langu. Ni midomo ya watu. Kashata hatasimama kisimani akasikia jina lake. Yeye alichokijua katika kuzaa ni kunusa pembe za ua akitafuta watoto ambao mimi ndiye niliyewagawa.

Bi Hanin akanyoosha mkono kunishika wangu. Niliuvuta haraka nikauficha chini ya leso.

"Usinishike. Amenilamba, mkono bado ni mbichi kwa mate."

"Najua. Nimeona."

Akautoa mkono wangu chini ya leso, akaushika kwa mikono yake miwili, akaukaza. Yeye ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akipita uani ameinua nguo zake kwa vidole viwili.

"Nitakwenda kuosha," akasema. "Mchanga uko tele nyumbani."

Tukakaa vile mpaka dereva wa teksi akapiga honi.

Asubuhi ya pili nilirudi Ganjoni, nikamwambia daktari amfunge kizazi. Safari hii nilisema kwa moyo. Kashata alikuwa na njaa na hasira, akabweka mpaka dawa ikamchukua. Saa sita mchana alikuwa amefumbua jicho moja, ulimi nje, bandeji nyeupe tumboni, na Ziad akaja na gari ya ofisini kwake kutuchukua. Alikuwa ametandika magunia manne nyuma, mawili yakiwa mapya.

Stoo ya makaa ilifagiwa ikawa hospitali. Kila alfajiri Mzee Badawi akitoka msikitini alisimama nje ya ukuta wa ua akauliza, "Mgonjwa vipi?" nami nikajibu, "Hajambo, Mzee," naye akasema, "Alhamdulillahi," akaenda zake. Bi Hanin alikuwa akija mpaka mlango wa stoo na kibakuli, akauliza kabla ya kukiweka chini, "Hiki yuwaruhusiwa? Na hiki je?" Nilipomwambia supu tu, alipika supu. Kufikia siku ya nane Kashata alikuwa amenenepa kuliko mimi. Na madume yalipita kichochoroni, yakanusa mlango, yakaenda kutafuta kwengine.

Siku ya kumi zilitakiwa kutolewa nyuzi. Daktari Nasipwondi aliona magoti yangu siku zile mbili nilizokwenda kwake, akatuma neno kwa Ziad kwamba nisihangaike, atakuja mwenyewe akifunga kazi. Alikuja karibu na magharibi, na mkoba wake wa ngozi. Alizitoa nyuzi pale uani huku mimi nikimshika Kashata kichwa. Hakulia. Kovu lilikuwa dogo kuliko kidole changu cha mwisho.

"Amepona," daktari akasema. "Hutanihitaji tena, kukhu."

Bi Hanin alikuwa amesimama kwenye kizingiti akitazama. "Basi huyu ni wetu," akasema. "Sitakwambia tena umtafutie kwengine, Mama Gunga. Hata ukihama, yeye hahami."

Nilikwenda kumletea daktari maji ya kunawa.

Alipotaka kuaga adhana ikalia, na Bi Hanin akamwambia hakuna mtu anayetoka nyumbani kwake saa ya kufuturu. Daktari akasema yeye ni Mkristo na hakufunga. "Na Mama Gunga je? Yuwala hapa mwaka wa ishirini na mbili. Keti." Ilitandikwa mikeka miwili, ukaja uji wa pilipili manga, kaimati, tambi, na mbaazi za nazi. Daktari alikula kimya mwanzo, kisha akatuambia amekuwa Mombasa miezi minane, na tangu afike hajala chakula akiwa na watu. Anapika mayai, anakula akiwa amesimama. Mona alimwongezea tambi. Akala na hizo.

Tulipomsindikiza mlangoni alishukuru mara nyingi mno, mkoba ameubana kwapani. Bi Hanin akamfunga sahani ya kaimati katika kitambaa, akampa, akamshika kiwiko.

"Daktari, Iddi ni wiki ijayo. Uje tena, mwanangu. Uje kula tu, na huo mkoba wako uuache nyumbani."